Sura ya Saba: Mimba Ikipita Tarehe

Mama wa Majengo, katika Manispaa ya Mpanda, mkoani Katavi, akifikisha tarehe aliyoandikiwa kwenye kadi ya kliniki bila uchungu kuanza, nyumba nzima huingia kwenye hesabu. Mume anapiga mahesabu ya nauli na ya vifaa vya kujifungulia. Mama mkwe anasema mtoto akitaka kutoka atatoka, haraka haraka haina baraka. Jirani aliyewahi kupoteza mtoto anamkatiza: ngoja ngoja huumiza matumbo, mpelekeni leo. Mwenye tumbo lake mara nyingi ndiye anayeulizwa mwisho.

Kila mmoja kati ya hao anaweza kuwa na haki. Kuna mimba ambayo kuiharakisha ni kumtoa mtoto kabla hajakomaa, na ipo ambayo kuisubiri ni kumwacha mtoto afie tumboni. Kinachozitenganisha ni umri wa mimba, hali ya mama na mtoto, na mahali mama alipo. Katika hayo matatu, umri ndio msingi, nao hujulikana vizuri miezi ya mwanzo tu. Ndiyo maana uamuzi wa wiki ya 41 huanza kufanywa kabla ya wiki ya 12, siku mama anapokanyaga kliniki kwa mara ya kwanza. Sura hii inaeleza jinsi uamuzi huo unavyojengwa. Haichukui nafasi ya mkunga wala daktari aliyempima mama, lakini itamsaidia msomaji kujua la kuuliza anapokaa mbele yao.

Siku 280

Mimba huhesabiwa kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, na tarehe ya matarajio ni siku 280 baadaye, yaani wiki 40. Wakunga wana njia ya mkato: ongeza siku saba, kisha rudi nyuma miezi mitatu. Mama aliyeona siku zake tarehe 10 Juni anatarajiwa kujifungua tarehe 17 Machi. Tarehe 24 Machi atakuwa ametimiza wiki 41, na tarehe 31 Machi wiki 42.

Hesabu hiyo ni nyepesi, ila inasimama juu ya kumbukumbu, na kumbukumbu zina matatizo yake. Mama aliyekuwa ananyonyesha huenda alishika mimba kabla hedhi haijarudi. Aliyekuwa anatumia sindano ya uzazi wa mpango anaweza kukaa miezi mingi bila kuona siku zake hata baada ya kuacha. Mwingine alitokwa na damu kidogo mimba ilipoanza, akaihesabu kuwa hedhi. Na wengi hawaandiki popote.

Hapa mkunga mzuri anajulikana. Mama akisema hakumbuki, haandiki tarehe ya kubuni. Mazungumzo ya namna hii yanasikika katika kliniki nyingi za mikoa ya wakulima:

“Dada, mara ya mwisho kuona siku zako ilikuwa lini?”

“Sikumbuki, sista.”

“Mahindi mlikuwa mmeshavuna?”

“Tulikuwa tunapukuchua.”

“Na Sabasaba ilikuwa imepita?”

“Hapana, bado. Sabasaba nilikuwa nimeanza kutapika.”

Maswali mawili madogo, na mwezi mzima umepatikana. Tuseme mama yule yule angeandikiwa 10 Julai badala ya 10 Juni. Kadi ingeonyesha wiki 41 siku ambayo mimba, kwa kweli, imepita wiki 45. Kosa likigeuka upande wa pili, madhara nayo yanageuka. Aliyeona siku zake 10 Julai lakini kaandikiwa 10 Juni, akianzishiwa uchungu tarehe 24 Machi, anazaa mtoto wa wiki 36 na siku chache, ambaye huenda akashindwa kupumua au kunyonya vizuri. Kalamu ikikosea mwezi mmoja tu, ama mtoto anatolewa njiti, ama anaachwa hadi anachakaa tumboni.

Mkunga ana vipimo vingine vya kulinganisha: siku mama aliyosikia mtoto akicheza kwa mara ya kwanza, ambayo kwa mimba ya kwanza huwa karibu na wiki ya 18 hadi 20, na kimo cha mfuko wa uzazi kinachopimwa kwa futi ya kushonea, ambacho kuanzia wiki ya 20 hukaribiana na idadi ya wiki. Lakini chenye nguvu kuliko vyote ni utrasaundi ya mapema. Shirika la Afya Duniani, WHO, katika mwongozo wake wa 2016, linataka kila mjamzito apigwe picha walau moja kabla ya wiki ya 24, na linataka hudhurio la kwanza la kliniki liwe ndani ya wiki 12.

Sababu ya kusisitiza mapema mkulima wa Katavi ataielewa bila shida. Mahindi yakichipua, wiki ya kwanza shamba zima liko sawa, ukiyaona unajua yalipandwa lini. Yakifika miezi mitatu, ya kwenye mbolea yamekupita kichwa na ya kwenye kichuguu yamedumaa, ingawa yalipandwa siku moja. Watoto tumboni ni hivyo hivyo. Miezi mitatu ya mwanzo wote hulingana, na picha hukosea kwa siku chache, kama wiki moja hivi. Miezi ya mwisho kila mtoto ana mwili wake, na picha ile ile inaweza kupotoka kwa wiki tatu. Basi mama anayepigwa picha mara ya kwanza mwezi wa tisa, akaambiwa “umebakiza wiki mbili,” asiitegemee tarehe hiyo peke yake.

Utafiti wa taifa wa afya na idadi ya watu wa 2015/16 ulionyesha kwamba ni asilimia 24 tu ya wajawazito wa Tanzania walioanza kliniki ndani ya miezi mitatu ya kwanza. Utafiti huo huo uliukuta Mkoa wa Katavi ukiongoza nchi kwa mimba za wasichana. Asilimia 45 ya wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au wana mimba ya kwanza, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 27. Binti wa namna hiyo huficha tumbo hadi linapomshinda, na anapofika kliniki tarehe imeshapotea. Miezi mitano baadaye atahitaji uamuzi ambao msingi wake haupo. Anayemtisha au kumwaibisha binti mjamzito hadi akaogopa kliniki, hata akiwa mzazi wake, anamwondolea msingi huo.

Kwa nini wiki ya 41

Kondo la nyuma ndilo linalompa mtoto hewa na chakula, na uwezo wake una mwisho. Mimba ikipita wiki ya 41, baadhi ya makondo huanza kuzidiwa. Maji yanapungua, mtoto anaweza kujisaidia humo ndani na kuuvuta uchafu huo kwenye mapafu, na hatari ya kufia tumboni inapanda. Wengi hawafikwi na hilo. Lakini hakuna anayeweza kumtambua kwa macho yule atakayefikwa.

Mwaka 2019 zilichapishwa habari za utafiti wa hospitali 14 za Sweden, uliohusisha wanawake 2,760 wenye mimba zisizo na tatizo. Nusu walianzishiwa uchungu walipofika wiki 41, nusu wakasubirishwa hadi wiki 42. Utafiti ulisimamishwa kabla ya kumalizika: katika kundi la waliosubiri watoto sita walikuwa wamekufa, katika kundi la wiki 41 hakuna hata mmoja. Na waliosubiri hawakupungukiwa na visu, kwani upasuaji ulilingana pande zote mbili. Mwaka uliofuata, wachambuzi wa Cochrane walikusanya tafiti 34 zenye wanawake zaidi ya 21,000 na kupata jibu la mwelekeo huo huo: kuanzisha uchungu mimba inapokomaa au kupitiliza hupunguza vifo vya watoto. Walikadiria kwamba inabidi wanawake 544 waanzishiwe uchungu ili kuokoa mtoto mmoja.

Takwimu hiyo isomwe kwa pande zake mbili. Kwa mama mmoja mmoja, hatari ya kusubiri siku chache ni ndogo, na hapaswi kutishwa kana kwamba mtoto anakufa kesho. Kwa mkoa wenye wajawazito maelfu, watoto hao ni wengi, nao ni watoto waliokamilika, waliobakiza hatua moja kuzaliwa. Ndiyo maana WHO inapendekeza kuanzisha uchungu kwa mama anayejulikana kwa uhakika kuwa ametimiza wiki 41. Neno uhakika ndilo linalobeba pendekezo lote.

WHO hiyo hiyo haipendekezi kuanzisha uchungu kabla ya wiki 41 kwa mimba isiyo na tatizo. Kuna wasomaji watakaosikia kwamba Marekani wanaanzisha wiki ya 39. Ni kweli kwamba utafiti wa ARRIVE, uliotoka 2018 na kuhusisha wanawake zaidi ya 6,000 wa uzazi wa kwanza, ulikuta waliofanyiwa hivyo walipasuliwa asilimia 18.6 dhidi ya 22.2 ya waliosubiri. Lakini wale walikuwa wanawake ambao umri wa mimba zao umethibitishwa kwa picha, wakazalia katika hospitali zenye vifaa na watu wa kutosha. Ukichukua hitimisho lile ukaliacha lile sharti la tarehe, utaishia kuzalisha watoto wa wiki 36.

Sababu zisizongoja tarehe

Kuna hali ambazo hesabu ya wiki 41 haihusiki. Ya kwanza ni presha ya mimba. Presha ikipanda na mkojo ukionyesha protini baada ya mimba kukomaa, dawa ya kweli ni kuzaa. Kusubiri ni kukaribisha kifafa cha mimba, ambacho huua mama na mtoto. Kichwa kinachogonga, macho kuona giza au vimulimuli, maumivu ya juu ya tumbo chini ya mbavu, uso kuvimba ghafla: mama mwenye dalili hizi aende hospitali usiku huo huo, hata kama kadi inasema bado wiki tatu.

Ya pili ni chupa kupasuka bila uchungu kuja. Maji yakimwagika wakati mimba imekomaa, mlango umefunguka kwa vijidudu, na kadiri saa zinavyopita ndivyo maambukizi yanavyokaribia. Hapo WHO inapendekeza uchungu uanzishwe. Ya tatu ni mtoto aliyepunguza kucheza. Huyu anataka kupimwa siku hiyo hiyo, mapigo yake yasikilizwe, kisha iamuliwe. Zipo pia sukari isiyotulia, mtoto asiyeongezeka, na mtoto aliyekwisha kufariki tumboni.

Upande wa pili zipo sababu zinazotajwa sana ambazo peke yake hazitoshi. Kuambiwa “mtoto mkubwa” ni mojawapo, na WHO haipendekezi uchungu uanzishwe kwa dhana hiyo tu. Uchovu wa mama ni wa kweli na unastahili huruma, lakini si ugonjwa. Na wapo ambao hawaanzishiwi uchungu kabisa: aliye na kondo lililoziba njia, na ambaye mtoto amelala kinyume. Aliyewahi kupasuliwa haruhusiwi kupewa misoprostoli, kwa sababu kovu linaweza kuachia. Mama mwenye kovu alitaje kovu lake kwa kila mhudumu mpya anayeingia zamu, asisubiri kadi isomwe.

Majengo na Karema

Chukua wanawake wawili waliotimiza wiki 41 siku moja. Mmoja anaishi Majengo. Mwingine anaishi Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, na ni Machi, mvua zimeshika. Kwa vipimo, wako sawa. Kwa uamuzi, hawako sawa.

Wa Majengo akiambiwa na daktari kwamba yeye na mtoto wako vizuri, na akitaka kusubiri siku mbili tatu, anaweza kukubaliana naye: anarudi kupimwa, anahesabu mtoto anavyocheza, na jambo likibadilika bajaji inamfikisha hospitali. Wa Karema, au wa ndani ya Mishamo, akisubiri nyumbani, anausubiri pia mto uliofurika na gari lililokwama. Kwake, kusubiri salama ni kusubiri karibu na hospitali. Ndiyo kazi ya majengo ya wazazi ngojea. Mama anahamia huko wiki za mwisho na anapimwa akiwa pale pale. Familia nyingi hulalamika kwamba nani atabaki na watoto na nani atapika. Malalamiko hayo ni ya haki, na majibu yake yapangwe mwezi wa saba, siyo wiki ya 41.

Dharura ikitokea kabla ya hapo, namba ya m-mama ni 115, haina malipo. Mfumo huo wa usafiri ulianzia Kanda ya Ziwa na kuzinduliwa kitaifa mwaka 2022. Unaunganisha mama na gari la wagonjwa, na lisipopatikana, na dereva wa kijamii aliyeandikishwa. Namba hiyo iandikwe kwenye simu ya mume na ya mama mkwe pia.

Umbali wa hospitali unahusu pia mahali pa kuanzishia uchungu. Zahanati si mahali pake. Uchungu wa kuanzishwa ufanyike penye chumba cha upasuaji kinachofanya kazi, damu, na mtu wa kukaa na mama. Swali la “je, likishindikana usiku, nitapasuliwa hapa hapa?” si la utovu wa adabu. Kila mama ana haki ya kuliuliza.

Kinachofanyika wodini

Kabla ya yote, mlango wa kizazi unapimwa: umefunguka kiasi gani, umefupika kiasi gani, ni laini au mgumu, umeelekea wapi, na kichwa cha mtoto kimeshuka wapi. Mambo haya matano hupewa alama, kwa utaratibu uliobuniwa na daktari Mmarekani Edward Bishop mwaka 1964. Alama zikiwa nyingi, uchungu huitika upesi. Zikiwa chache, mlango unalainishwa kwanza, kwa mpira unaojazwa maji ndani ya mlango wa kizazi au kwa misoprostoli, na dripu ya oksitosini inafuata baadaye. Kazi hiyo inaweza kuchukua siku nzima au mbili. Ndugu wakiambiwa hivyo mapema hawatadhani mgonjwa wao ametelekezwa.

Misoprostoli inahitaji tahadhari ya pekee. Kidonge kinachojulikana sana nchini, kile cha kuzuia damu baada ya kujifungua, kina maikrogramu 200. Dozi ya kuanzisha uchungu ni 25. Kidonge kizima ni dozi nane kwa mkupuo, na kukikata kwa wembe vipande vinane hakutoi vipande sawa. Anayekinunua duka la dawa akampa mjamzito nyumbani anaweza kupasua mfuko wa uzazi na kumwua mtoto kwa kumkosesha hewa. Dripu nayo si ya kuachiwa mlinzi. WHO inasema mama aliyepewa dawa hizi asiachwe bila mtu hata kidogo. Uchungu ukizidi mara tano ndani ya dakika kumi, dripu inapunguzwa au kufungwa.

Kwamba usimamizi ndio dawa yenyewe, kuna ushahidi wa kwetu. Hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, kati ya 2014 na 2016, ilifanya mradi wa PartoMa: mwongozo mfupi ulioandikwa kwa hali halisi ya wodi ile, na mafunzo ya mara kwa mara juu ya kufuatilia uchungu, kusikiliza mapigo ya mtoto na kutumia oksitosini kwa uangalifu. Watoto waliozaliwa wamekufa walishuka kutoka 59 hadi 39 kwa kila vizazi 1,000. Wodi haikuwa imegeuka ya Ulaya.

Mitishamba ya kuharakisha uchungu ina kasoro ile ile ya kidonge kilichokatwa: nguvu yake haipimiki na haizuiliki ikishanywewa. Bibi anayeichemsha anafanya kwa mapenzi, na hakuna sababu ya kumtukana. Aelezwe, kwa heshima, kwamba dawa yake ikikutana na dripu mwilini, mfuko wa uzazi unaweza kuchanika. Na mama aliyekwisha kuinywa amwambie mkunga. Mkunga anayemfokea aliyesema ukweli anawafundisha wengine kumi kunyamaza.

Mwenye uamuzi

Mume ana sauti, mama mkwe ana uzoefu, daktari ana elimu, lakini mwili ni wa mama, na ridhaa ni yake. Ridhaa hupatikana kwa kuelezwa. Aulize: mimba yangu ina wiki ngapi, na mmejuaje? Mnaanzisha kwa sababu gani? Tukisubiri siku tatu, hatari ni ipi, na mtanifuatiliaje? Mtatumia njia gani, na nani atakaa nami? Mkunga mwenye majibu atayatoa kwa dakika tano.

Hukumu ya sura hii ni hii. Tarehe ikiwa ya uhakika na wiki 41 zimetimia, kubali kuanzishiwa katika hospitali inayoweza kukuokoa. Ukichagua kusubiri, subiri ukiwa karibu, ukipimwa, na usivuke wiki 42. Presha, chupa iliyopasuka au mtoto aliyetulia visikungojeshe tarehe yoyote. Na kama mimba haijafika wiki 41, au umri wake una shaka, na hakuna tatizo, usikubali kuharakishwa kwa sababu ya uchovu au ya nafasi kitandani.

Kwa halmashauri za Katavi: pelekeni utrasaundi na mtu anayejua kuitumia kwenye vituo vya afya, ili mama wa Mishamo apigwe picha mwezi wa tatu badala ya wa tisa. Na wewe dada unayesoma huku umekosa siku zako mwezi huu, chukua kalamu sasa uandike tarehe ya kwanza ya hedhi yako ya mwisho, kisha uende kliniki wiki hii.